Umeme wa Upepo na Afya: Hofu Isiyostahili na Maswali Yanayostahili

Mhudumu wa afya anayefanya kazi katika eneo lenye upepo wa kutosha kuzalisha umeme hujikuta, mapema au baadaye, akiulizwa mambo ambayo hakufundishwa chuoni. Je, mitambo ile huharibu mimba? Mngurumo wake hupandisha shinikizo la damu? Mgonjwa wa kifafa aweza kuishi mahali ambapo kivuli cha mapanga yanayozunguka hupita juu ya paa lake? Maswali ya aina hii yamekwisha kusikika nchini Kenya, ambako mitambo ya kwanza ilisimamishwa kwenye vilima vya Ngong mwaka 1993, na hapana shaka yatasikika Singida na Makambako, ambako mipango ya mitambo mikubwa imezungumzwa kwa miaka mingi. Ni maswali halali, na sayansi imekwisha kuyajibu kwa kiasi cha kuridhisha.

Liko, hata hivyo, kundi la pili la maswali ambalo halifiki zahanati: ardhi ilitolewa na nani, umeme unakwenda wapi, fedha zinalipwa na nani, na nani anabaki na mzigo wa yote hayo. Kwa afya ya watu, kundi hili lina uzito mkubwa kuliko la kwanza. Baya zaidi ni kwamba hofu juu ya mambo ya kwanza hulifunika la pili. Mwekezaji akishaleta ripoti ya kitaalamu kwamba mitambo haiharibu mimba, mkutano huonekana umekwisha, na mzee aliyekuja kuuliza habari za malisho hurudi nyumbani hakusikilizwa.

Yafaa kwanza hofu yenyewe ishughulikiwe kwa haki. Mtambo wa upepo hutoa mvumo wa mapanga yanapokata hewa, pamoja na mngurumo wa gia na jenereta vilivyo kileleni mwa mnara. Sehemu ya sauti hiyo ni ya mawimbi ya chini mno ambayo sikio la binadamu haliyasikii, na ndiyo inayotajwa zaidi na wenye hofu. Mawimbi ya namna hiyo hutoka pia baharini, katika injini za malori, na ndani ya mwili wenyewe, moyo unapodunda na mapafu yanapovuta hewa. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Canada ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 1,238 walioishi kwa umbali mbalimbali kutoka mitamboni katika majimbo ya Ontario na Prince Edward Island. Watafiti hawakutegemea maelezo ya mdomo pekee. Walipima shinikizo la damu, mapigo ya moyo, homoni ya kotisoli iliyohifadhika katika nywele, na usingizi kwa kifaa kinachovaliwa mkononi. Kiwango cha kelele ya mitambo hakikuonyesha uhusiano na usingizi mbaya, kizunguzungu, kipandauso, kisukari wala shinikizo la damu. Mwaka uliofuata, Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo, likahitimisha kwamba hapakuwa na ushahidi thabiti kuwa mitambo hiyo husababisha magonjwa, huku likikiri kuwa nyingi ya tafiti hizo hazikuwa za ubora wa juu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele hiyo usizidi desibeli 45, likaliita pendekezo hilo la masharti kwa sababu ushahidi wenyewe ulikuwa hafifu.

Kwa mgonjwa wa kifafa jibu ni jepesi zaidi. Wagonjwa wachache tu ndio ambao kifafa chao huamshwa na mwanga unaometameta, na hatari huanza pale mwanga unapometa zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Mtambo wenye mapanga matatu, hata ukizunguka mara 30 kwa dakika, kivuli chake hupita mara moja na nusu tu kwa sekunde. Mitambo mikubwa zaidi huzunguka polepole kuliko hivyo. Mgonjwa huyo anahitaji dawa zake zisikatike, na hiyo ni habari nyingine kabisa, inayohusu bohari na barabara. Kuhusu mimba, hakuna ushahidi wa kuaminika wa madhara.

Lakini mgonjwa anayesema kichwa kinamuuma tangu mitambo iwashwe hasemi uongo. Nchini New Zealand watafiti waliwagawa watu katika makundi mawili. Kundi moja likaonyeshwa taarifa za kutisha kuhusu mawimbi yasiyosikika, jingine likaonyeshwa maelezo ya wanasayansi kwamba hayana madhara. Kisha wote wakawekwa katika chumba ambamo mara mawimbi hayo yalipigwa kweli, mara palikuwa na ukimya mtupu walioambiwa kuwa ni mawimbi. Waliotishwa waliripoti dalili zaidi, hata katika ukimya. Wauguzi wanaijua hali hiyo bila kuhitaji kusafiri hadi huko: mgonjwa akielezwa madhara ya dawa kwa namna ya kuogofya, huyapata zaidi kuliko mwenzake. Dalili ni za kweli. Chanzo chake ni tazamio. Mtabibu akimcheka mgonjwa wa namna hiyo, amekosea mara mbili.

Uchunguzi uleule wa Canada ulionyesha jambo jingine, ambalo watetezi wa mitambo hulipitia haraka. Kelele ilipozidi, kero nayo ilizidi, na watu waliokereka kwa muda mrefu ndio walioripoti maradhi zaidi. Tena, walionufaika kwa malipo kutokana na mitambo walikereka kidogo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuwa umekwisha kuona hali hiyohiyo: watu waliopata faida ya kifedha, ambao aghalabu ndio walioishi karibu zaidi na kusikia sauti kubwa zaidi, hawakukereka karibu hata mmoja. Desibeli zilikuwa zilezile, na mwili wa binadamu ni wa aina moja. Kilichotofautiana ni mkataba.

Hapo ndipo suala la haki linapoacha kuwa la wanasheria na wanaharakati peke yao na kuwa la tabibu. Ikiwa kero ndiyo njia ambayo mtambo hupitia hadi kufika katika usingizi wa mtu, na kero hutegemea kama mtu huyo aliulizwa, alikubali na alilipwa, basi namna ardhi ilivyotwaliwa ni sehemu ya afya ya jamii kama vile maji na choo.

Mfano ulio karibu na Waswahili ni ule wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Huko upepo wa kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, ukapita kwa kasi kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru karibu mwaka mzima. Wahandisi walipaona mahali hapo kuwa miongoni mwa maeneo bora ya upepo duniani, na hawakukosea. Mitambo 365 ilisimamishwa, kila mmoja wa kilowati 850, jumla yake takriban megawati 310. Gharama ilizidi euro milioni 600, ikatajwa kuwa uwekezaji mkubwa kuliko wote wa sekta binafsi katika historia ya Kenya hadi wakati ule. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua mradi huo Julai 2019.

Manufaa yake yasifichwe. Kwa hesabu za jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, umeme wa upepo, tangu kuyeyusha chuma cha mnara hadi kuubomoa, hutoa takriban gramu 12 za kaboni dioksidi kwa kila uniti, ilhali wa makaa ya mawe hutoa takriban gramu 820. Upepo unapoingia katika gridi ya Kenya, mitambo inayochoma mafuta mazito Mombasa, Thika na Athi River hupata nafasi ya kupumzika. Moshi wa mafuta hayo una chembe laini zinazopenya mapafuni na kuingia katika damu, zikaongeza pumu, kiharusi na maradhi ya moyo. Kupungua kwa moshi huo ni kinga halisi, ingawa hakuna mgonjwa atakayekuja kushukuru kwa shambulio la moyo ambalo halikumpata. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis hadi Sarima ilitengenezwa ili malori ya mapanga yapite, na barabara hiyohiyo huweza kupitisha gari la wagonjwa na sanduku la chanjo.

Ila anayepumua hewa iliyo afadhali yuko Changamwe, na aliyetoa ardhi yuko Sarima. Ekari 150,000 zilikodishwa kwa mradi huo na halmashauri ya wilaya ya wakati ule, katika nchi ambayo Warendille, Wasamburu, Waturkana na jirani zao wa El Molo huishi, wengi wao kwa mifugo inayofuata nyasi na maji. Waliopinga walikwenda mahakamani mwaka 2014, mitambo ikiwa haijasimama. Hukumu ilitoka Oktoba 2021, mitambo ikiwa imekwisha kuzunguka kwa miaka. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki hizo zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja utaratibu urekebishwe. Mwaka 2023 ikakataa kuongeza muda. Miaka saba kati ya shauri na hukumu ni muda mrefu kwa binadamu yeyote. Kwa mfugaji ni ukame zaidi ya mmoja.

Itasemwa kwamba mitambo huchukua sehemu ndogo ya ekari zile, na kwamba mbuzi na ngamia hulisha chini ya minara bila kusumbuliwa. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ni moja ya sifa njema za umeme wa upepo ukilinganishwa na bwawa linalozamisha bonde zima. Lakini hatimiliki haiandikwi kwa ajili ya mbuzi wa leo. Inaandikwa ili ijulikane nani atakaa mezani siku ardhi hiyo itakapotakiwa kwa jambo jingine, na nani atapokea kodi ya pango katika miaka yote iliyo katikati.

Kijiji cha Sarima kilihamishwa kupisha njia ya malori. Mwaka 2016 Danwatch, shirika la waandishi wa habari za uchunguzi la Denmark, lilieleza jinsi kijiji hicho kilivyofurika watu waliokuja kutafuta kazi, na jinsi ulevi na ukahaba ulivyoingia pamoja nao. Mtaalamu yeyote wa afya ya jamii angeweza kuyatabiri hayo kabla ya tofali la kwanza, kwa kuwa yametokea katika kila mgodi, kila reli na kila bomba la mafuta katika Afrika: wanaume wengi wenye mshahara, mbali na nyumbani, katikati ya familia zisizo na fedha taslimu. Kinachofuata ni kaswende, kisonono, Virusi vya UKIMWI, mimba za wasichana wa shule na majeraha ya barabarani. Hivyo ndivyo vipengele vya afya ambavyo tathmini ya mazingira ya mradi wa upepo ingepaswa kuvijaza kurasa. Badala yake kurasa hujazwa desibeli, pengine kwa sababu desibeli hupimika kwa kifaa na hazina mwenyewe wa kumlaumu.

Tena kuna suala la taa. Umeme wa Marsabit hupanda katika nyaya za kilovolti 400 na kusafiri takriban kilomita 430 hadi Suswa, karibu na Nairobi. Nyaya za msongo huo haziwezi kuligawia boma wala zahanati. Panahitajika kituo cha kupozea umeme, kisha nyaya za msongo mdogo, kisha transfoma ya kijiji, na kila hatua ina gharama ambayo wateja wachache waliotawanyika hawawezi kuirudisha. Kwa mhandisi hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mkunga anayepokea mtoto kwa mwanga wa tochi huku taa nyekundu za minara zikimeta upeo wa macho, si la kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na washirika wao walikadiria kwamba karibu watu bilioni moja duniani huhudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa kutegemewa au visivyo nao kabisa, na kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara ni nusu tu ya hospitali zenye umeme wa uhakika. Chanjo nyingi hutaka kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Jokofu halijui kwamba nchi imeongeza megawati 310.

Haki inataka isemwe pia kwamba zahanati ya mbali haihitaji kungoja nyaya hizo. Paneli za jua juu ya paa, betri na jokofu la chanjo lililotengenezwa kwa ajili ya jua humaliza sehemu kubwa ya tatizo kwa gharama ambayo, ikiwekwa kando ya bei ya mtambo mmoja wa upepo, ni ndogo. Hiyo ndiyo sababu hakuna udhuru wa kutoliandika sharti hilo katika mkataba. Kampuni inayojenga mnara wa mita 44 katikati ya jangwa haishindwi kuweka paneli juu ya zahanati iliyo jirani, pamoja na fedha za kubadilisha betri zitakapochoka, maana betri zilizochoka ndizo zinazoyaua mengi ya majengo yenye paneli vijijini.

Upande wa fedha hauzungumzwi sana na watu wa afya, ilhali unawahusu. Umeme wa upepo wenyewe ni wa bei nafuu, kwa kuwa upepo haununuliwi. Ghali ni kuahidi. Mwekezaji na benki zake hutaka uhakika kwamba kila uniti itakayozalishwa italipiwa, ihitajike isihitajike. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi wa Turkana kwa hofu ya jambo hilohilo, kwamba shirika la umeme la Kenya lingelazimika kulipia umeme usio na mtumiaji, na upepo wa pale huvuma sana usiku, wakati viwanda na ofisi vimefungwa. Wakopeshaji wengine waliingia, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa mbele. Kisha yakatokea yasiyotarajiwa: mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini mkandarasi wa Hispania aliyejenga njia ya umeme alifilisika, na njia haikukamilika hadi Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mapanga yalikuwa tayari na hapakuwa na waya. Kwa mujibu wa mkataba, kucheleweshwa huko kulikuwa juu ya serikali, na wananchi wa Kenya wakabebeshwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja.

Ni rahisi kuligeuza deni la namna hiyo kuwa idadi ya zahanati ambazo zingejengwa. Mahesabu hayo huvutia na aghalabu hupotosha, maana fedha hizo hazikuwa zimetengewa zahanati. Njia ambayo deni hufika hospitalini ni ya kimyakimya zaidi: hupitia ankara ya umeme. Baada ya UVIKO-19 hospitali nyingi za Afrika Mashariki zilipata mitambo ya kuzalisha oksijeni, na mitambo hiyo hula umeme mchana na usiku. Mashine za kutakasia vifaa vya upasuaji, majokofu ya damu, na mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo ni vivyo hivyo. Bei ya uniti ikipanda kwa sababu ya mkataba uliotiwa saini vibaya miaka kumi nyuma, mganga mkuu huona tu kwamba bajeti ya mafuta ya gari la wagonjwa haitoshi tena, na hana namna ya kujua sababu.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Shirika la umeme lilisema chanzo kilikuwa kupotea ghafla kwa umeme wa Turkana. Kampuni ya Turkana ikasema mitambo yake ilijizima kujilinda dhidi ya hitilafu ya gridi. Kwa hospitali, ni nani aliyesema kweli si jambo kubwa. Gridi inayotegemea chanzo kikubwa kimoja kilichoko mwisho wa waya mrefu inahitaji akiba ya kuaminika, iwe ya maji, ya joto la ardhi au ya betri, na wodi ya watoto njiti inahitaji jenereta iliyojaribiwa wiki hii, si mwaka jana.

Ndege nao wana sehemu yao katika hesabu hii, na kwa njia ambayo tabibu hataitarajia. Kipeto, katika kaunti ya Kajiado, kuna mitambo 60 iliyoanza kuuza umeme mwaka 2021. Jirani na eneo hilo hukaa tumbusi wa aina mbili ambao wamo hatarini kabisa kutoweka duniani. Ndege hao huelea wakitazama chini kutafuta mizoga, wala hawaangalii mbele, na panga la mtambo huwapiga. Watu wa mijini waweza kudhani kwamba kumlilia tumbusi ni anasa. India ilijifunza vingine. Huko aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 tangu miaka ya 1990, kwa sababu ng'ombe walitibiwa kwa diklofenaki, dawa ileile ya maumivu inayouzwa katika kila duka la dawa, na tumbusi waliokula mizoga yao walikufa kwa figo. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata wabebaji wapya. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, baada ya ndege kwisha.

Kipeto hawakupuuza. Wamewekwa watu wa kutazama anga na kuagiza mtambo uzimwe tumbusi anapokaribia, na fedha zimeelekezwa pia katika kuzuia sumu ambazo wafugaji humtegea fisi na simba, maana sumu hiyo huua tumbusi wengi kuliko mapanga. Kila dakika mtambo unapozimwa ni fedha inayopotea, na hapo ndipo gharama ya mazingira ilipolipwa waziwazi badala ya kusukumiwa wengine. Kipeto inatofautiana na Marsabit katika jambo jingine pia. Ardhi yake ilikuwa imekwisha kugawanywa, na familia za Kimaasai zilikuwa na hati mkononi. Zilikodisha bila kupoteza umiliki, zinaendelea kulisha mifugo, na jamii ina hisa ya asilimia 5 katika kampuni. Haisemwi kwamba Wamaasai wa Kajiado ni werevu kuliko Warendille. Walikuwa na karatasi.

Kwamba umaskini ndio chanzo cha yote haya ni dhana ya kuachwa. Mwezi uleule wa Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norway, nchi tajiri yenye sheria zinazosifiwa, iliamua kwamba leseni za mitambo 151 huko Fosen zilikiuka haki za Wasami wafugaji wa kulungu. Mitambo ikaendelea kuzunguka, na ilichukua zaidi ya miaka miwili na maandamano ya vijana jijini Oslo hadi makubaliano ya mwisho. Kwa upande mwingine, Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, mradi wa megawati 60 uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani uliogharimu uhai wa mtu. Hofu za ugonjwa na hofu za ardhi zilikuwa zimechanganyika hivi kwamba hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Huko Mufindi, Tanzania, mitambo mitatu tu ya Mwenga, isiyofika hata megawati 3, imeungana na mtambo wa maji ulio na mtandao wake wa kuvigawia umeme vijiji vya jirani. Udogo wake hauwezi kuisaidia Dar es Salaam. Mama wa pale, hata hivyo, hana haja ya kuelezwa umeme huo ni wa nani.

Nchi za Afrika Mashariki zinahitaji umeme mwingi zaidi, na upepo ni miongoni mwa njia safi za kuupata. Mradi mkubwa ujao ujengwe. Lakini kabla ya kujengwa huwa kuna kikao cha hadhara cha tathmini ya mazingira, chini ya NEMC nchini Tanzania au NEMA nchini Kenya, na katika kikao hicho kiti cha mganga mfawidhi wa eneo aghalabu huwa kitupu, au hukaliwa na mtu aliyekuja kujibu suala la kelele. Angekuja na mengine. Nani aliyetia saini ya ardhi, na je, wanawake waliulizwa? Zahanati zipi zitapata umeme, kwa njia gani, na betri zitabadilishwa na nani? Kambi ya wafanyakazi itakuwa umbali gani na shule, na kondomu, vipimo na matibabu vitalipiwa na nani? Mifupa itakayovunjika barabarani itapelekwa wapi?

Na angekuja na vitabu vyake. Katika zahanati za Tanzania kila mgonjwa wa nje huandikwa katika rejesta ya MTUHA, pamoja na umri wake na ugonjwa wake. Miaka miwili ya rejesta hizo kabla ya lori la kwanza, ikihesabiwa kwa uangalifu na nakala yake ikawekwa mahali salama, itaonyesha ni wangapi walikuja na kichwa, shinikizo la damu, kukosa usingizi, magonjwa ya zinaa, majeraha na mimba zilizoharibika wakati ambapo hapakuwa na mnara hata mmoja. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, kikokotoo na jioni chache, na ni lazima ifanywe kabla kwa sababu baada ya hapo haiwezekani tena.